Sodiamu kwenye maji, basi?

Leo nina dukuduku. Huku vimbwetani kuna wenzetu wa ualimu wamekuja na hoja: eti ile mada ya metali za kundi la kwanza kushikana na kaboni ni ya kudesa tu, ujibu UE, usahau. "Mi naenda kufundisha kidato cha pili, butili lithiamu ya nini?"

Haya, ya nini? Efavirenz mnaijua. Marekani waliipitisha mwaka 1998, na hapa Bongo ilikuwa ndani ya kile kidonge cha usiku, TLE, kabla nchi haijaanza kuhamia TLD mwaka 2019. Ndiyo ile watu walilalamika inawaotesha ndoto za ajabu. Sasa kiwandani kuna hatua moja ambayo butili lithiamu inang'oa haidrojeni kwenye molekuli ndogo, na lithiamu inakaa mahali pake. Kaboni iliyoshikana na lithiamu inabeba chaji hasi, kwa hiyo inaikimbilia kaboni nyingine yenye upungufu wa elektroni, ile iliyoshikana na oksijeni, na kuungana nayo. Kaboni kwa kaboni! Kwenye kidonge lithiamu huikuti, imeshafanya kazi yake ikaondoka.

Kwetu ni Kawajense, Mpanda. Mtoto wa kule anaambiwa sodiamu ukiitupa kwenye maji inakimbia huku na huku inalia shwaa, anakariri, kipindi kimeisha. (Hapo kama shule inayo hiyo sodiamu.) Anatoka akijua kundi la kwanza ni fataki. Jirani yake kameza efavirenz miaka kibao, na mtoto hajui hizo metali zinahusikaje, kwa sababu mwalimu alidesa.

Msiniambie maabara hatuna, najua. Butili lithiamu ikikutana na hewa inaweza kuwaka, nani kasema muipakie kwenye basi la Mpanda? Chaki inatosha, na dakika kumi za mwisho wa kipindi.

Ila mnaosema watoto wa mikoani hawataelewa, nyie ndio mnaniudhi kuliko wote. Chaji hasi na chaji chanya zinavutana, kidato cha pili gani hakijui hilo? Mlishawaeleza wakashindwa, au nyie wenyewe ndio hakipandi?

Anayebisha aje kesho jioni kimbweta cha nyuma ya maktaba. Aje bila desa.