Tonga ilivyotikisa madaraja ya raga

KATIKA raga ya wachezaji 13 kila upande, Australia, New Zealand na Uingereza zilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ndizo mataifa ya daraja la kwanza. Hata hivyo, Tonga, nchi ndogo ya visiwa iliyowekwa daraja la pili, iliilaza New Zealand 28-22 katika Kombe la Dunia la 2017, kisha ikaipiga Australia 16-12 mwaka wa 2019.

Nguvu hizo zilitokana na daraja lenyewe. Kanuni zilimzuia mchezaji kuwakilisha mataifa mawili ya daraja la kwanza, lakini zilimruhusu kuhamia taifa la asili yake la daraja la pili. Ndivyo Jason Taumalolo alivyoihama New Zealand mwaka wa 2017. Kwa hivyo, kuipandisha Tonga kungeipa heshima inayoistahili, na papo hapo kuufunga mlango uliowaleta nyota wake.