Daftari la Wiki: Wenye Kwao

Jumatatu asubuhi, mbele ya ofisi ya serikali mjini Kasongo, bendera ilipoanza kupanda wachuuzi walitua mizigo, mwenye baiskeli akashuka, na mgeni mmoja wa shirika la misaada, ambaye hakuna aliyemwambia neno, akavua kofia akasimama wima hata kamba ikafungwa. Nimempenda kwa taadhima ile.

Siku iyo hiyo, sokoni, kijana mmoja alimwuliza mzee mwenye kanzu: "Baba, ninyi Waarabu mutarudia lini kwenu?" Mzee akajibu kwa upole: "Kwetu ni hapa, mwanangu. Kaburi la babu yangu liko nyuma ya msikiti." Swali lile limeninyima usingizi. Waungwana wa Kasongo, hao waitwao Waarabu, ambao wengi wao ni wana wa Wakusu na Wazimba, hawakushuka merikebuni. Wazee wao, katika zama za Tippu Tip, mkuu wa misafara ya Unguja, na mwanawe Sefu, walitwaa dini, vazi na kilimo cha mpunga wakiwa katika ardhi yao wenyewe, na majeshi ya Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, yalipouteka mji mwaka 1893 wao hawakuwa na Unguja ya kurejea. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 yamhesabu kuwa Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa ndivyo Kongo siku ya uhuru. Mzee yule ahitaji ithibati gani tena? Na Kiswahili alichoulizwa nacho kilifika kwa misafara ile ile iliyoleta kanzu. Nimekwisha kuandika, na nitaandika tena, kwamba lugha hii ni yetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Ujiji na Buyenzi ya Bujumbura, wako watu waitwao Wamanyema hata leo, ijapokuwa wamezaliwa huko kizazi baada ya kizazi: wao waitwa kwa jina la kwetu Maniema, na mzee wetu aitwa kwa jina la ng'ambo.

Namoya, penye dhahabu, fundi mgeni alinisalimu kwa Kiswahili. Karani, mwana wa Kibangubangu, nilipomsalimu kwa lugha iyo hiyo, akanijibu kwa Kifaransa.

Kabambare, jioni. Kabla ya kucheza, watoto walijipanga wakaziba midomo kwa kiganja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja, kama Chui wetu, timu ya taifa ya kandanda, walivyofanya Abidjan tarehe 7 Februari 2024, wimbo wa taifa ulipopigwa, kwa kulalamikia mauaji ya mashariki na kimya cha walimwengu. Mdogo wao hajui Abidjan ni wapi, lakini hakuna aliyeugusa mpira mpaka yeye aliposhusha mkono.