Mashanza Ni Mazuri, Lakini Chemsha Maziwa Kwanza

Wako watu wanaosema: "Mashanza hayana ugonjwa, kwa sababu uchachu wake huua vidudu vyote." Neno hilo ni kweli nusu tu, na nusu ile nyingine inaweza kumwua mtoto.

Maziwa hugeuka kuwa mashanza kwa kazi ya vidudu. Mwaka wa 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba uchachu wa maziwa huletwa na vitu vyenye uhai. Vidudu hivyo hula sukari ya maziwa na kutoa uchachu. Tena hukata protini, yaani chakula kinachojenga mwili, kuwa vipande vidogo vidogo. Ndiyo sababu jibini ya Masisi ikikaa majuma mengi hupata ladha kali. Kazi hiyo ni njema.

Lakini vidudu vya uchafu, vitokavyo katika mavi ya ng'ombe, mikono na kibuyu kisichooshwa, hukata protini pia. Ndipo maziwa huwa machungu na kunuka. Hayo utayatambua kwa pua. Vibaya zaidi ni vile visivyonuka: kidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, na kile cha bruselosi, kinachofanya ng'ombe kutupa mimba na mtu kushikwa na homa ya kurudi-rudi na maumivu ya viungo. Hivyo huweza kukaa hai siku nyingi katika maziwa machachu, wala ulimi hauvitambui.

Basi, shauri letu ni hili:

1. Chemsha maziwa mpaka yapande.
2. Yaache yapoe, yabaki na joto kama la mwili.
3. Tia kijiko cha mashanza mazuri ya maziwa yaliyochemshwa. Ukitia ya maziwa mabichi, unarudisha ugonjwa.
4. Tumia chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, kifunike, ungoje mpaka kesho.

Wazee wengine wanaogopa kwamba kuchemsha maziwa kutakausha kiwele cha ng'ombe. Tunawaheshimu wazee, lakini moto wa jikoni haumfikii ng'ombe aliye malishoni. Wengine husema maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda, ukitia mbegu njema. Mama, jaribu kwa chupa moja tu. Protini itabaki, mtoto atashiba, na ugonjwa utakufa katika sufuria.