Barua Isiyo na Bahasha

Mtu wa nyumbani mwako aandikapo jina la tovuti, simu yake haina budi kwanza kuuliza namba ya anwani ya tovuti hiyo. Ajibuye ni mtambo uitwao DNS, ambao kwa kawaida ni wa kampuni ikuuziayo intaneti. Swali hilo husafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Binti akitafuta ushauri wa ugonjwa anaouonea haya, jina la tovuti limekwishaonekana njiani.

Wengi hubadili namba katika ruta, wakaweka 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2018, au 9.9.9.9 ya Quad9. Huenda majibu yakaja upesi zaidi. Lakini siri je? Namba peke yake haifungi bahasha! Kwenye Android, tangu toleo la 9, ingia katika mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, uandike dns.quad9.net. Hapo ndipo swali hufungwa.

Hata hivyo Quad9 yenyewe italisoma, na kampuni yako bado ina njia nyingine za kukisia uendako. Unachobadili ni yule unayemwamini. Mimi nimeichagua Quad9 kwa kuwa ni shirika la Uswisi lisilotafuta faida; simu ya mama mkwe nimekwisha kuibadili.