Breki za Gari Linalovutwa Zisipuuzwe

Si ajabu hapa nchini kuliona gari bovu likivutwa kwa kamba barabarani. Wapitao hudhani kazi imekwisha pale kamba inapokaza. La hasha! Kulitoa gari mahali lilipokwama ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kulisimamisha.

Katika magari mengi madogo, nguvu inayolainisha kanyagio la breki hutokana na injini. Injini ikizimika, nguvu hiyo huisha baada ya kukanyaga mara chache, na kanyagio likawa gumu. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa waweza kujifunga kabisa. Malori yenye breki za upepo yana hatari ya namna nyingine. Upepo ukiisha, springi hukaza magurudumu zenyewe. Ndipo springi hizo hulegezwa ili lori livutike, na tangu hapo lori hilo huwa halina breki ya kulizuia.

Gari la namna hiyo likifungwa kamba, ni kitu gani kitakachokizuia kishindo chake katika mteremko wa Kitonga? Kamba huvuta, haizuii. Chuma cha kuvutia ni bora, kwa kuwa huyatenganisha magari mawili yasigongane. Lakini nacho hakiongezi breki. Magari hayo yakiwa na uzito sawa, breki za la mbele hubeba kazi maradufu. Na mwendo ukipandishwa kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu ya kishindo huongezeka mara 4.

Taifa linaujua uchungu wa breki zilizoshindwa. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori lililoharibika breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Lori hilo halikuwa likivutwa, liliharibikiwa safarini. Ni dhahiri basi kwamba kulitia barabarani kwa makusudi gari lisilo na breki ni kosa lisilo na udhuru.

Hapana budi utaratibu uwe mmoja. Gari lenye breki nzima livutwe kwa chuma, kwa mwendo wa pole, likiwa na dereva wake na taa za tahadhari. Lisilo na breki lipakiwe juu ya gari jingine, au litengenezwe papo hapo.

Walimu wanaofundisha kani na mwendo wanao mfano huu mbele ya milango ya shule zao, wautumie. Wakuu wa idara nao wana wajibu mzito zaidi. Fungu la matengenezo huenda likawa dogo, lakini hakuna kiongozi mwenye haki ya kuokoa fedha kwa kuiweka rehani roho ya dereva aliye chini yake. Dereva anayekataa kuvuta gari lisilo na breki asihesabiwe mkaidi. Huyo ametimiza wajibu wake, alindwe.