Tuzo ya Ubunifu Ifike Wodini

Tangu mwaka 2019 Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, imekuwa ikiendesha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yanayomkaribisha hata fundi wa mtaani asiye na cheti. Ukarimu huo unastahili sifa. Kasoro iko kwingine: mshindani huleta kifaa alichojichagulia mwenyewe, hupongezwa, hupewa zawadi, kisha hurejea kwao kutafuta mnunuzi.

Watu wa Itetemia, katika Manispaa ya Tabora, hawako mbali na kisa cha dawa isiyofika. Huko Kwihara, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, David Livingstone alipumzika mwaka 1872. Miaka mitano kabla ya hapo, wapagazi waliotoroka walikuwa wameondoka na sanduku lake la dawa. Kwinini ilikuwapo duniani, lakini yeye aliugua homa bila kuwa nayo.

Kifaa cha tiba nacho kina safari yake. Hakipaswi kutumika kwa wagonjwa kabla ya TMDA kuthibitisha ubora na usalama wake, na ndivyo ipasavyo. Wala hakienei katika zahanati za umma pasipo Bohari ya Dawa kukinunua. Shangwe za jukwaani huisha kabla ya milango hiyo miwili.

Bunge la Uingereza lilifanya vingine mwaka 1714. Lilitaja tatizo moja, yaani kujua longitudo ya meli iliyo baharini, likaweka kiwango cha usahihi na zawadi ya hadi pauni 20,000. Saa iliyofaulu ilitoka kwa John Harrison, seremala aliyejifunza ufundi huo mwenyewe (malipo yake yalicheleweshwa mno, jambo lisilofaa kuigwa). Mwaka 2009 wafadhili waliahidi dola bilioni 1.5 kwa watengenezaji wa chanjo ya nimonia inayofaa nchi maskini, zilipwe kadiri chanjo inavyonunuliwa. Tanzania iliizindua chanjo hiyo Desemba 2012.

Basi Wizara ya Afya nayo itaje tatizo lake: kwa mfano, kifaa cha kumpa mtoto mchanga oksijeni kisichozimika umeme ukikatika, na ambacho vipuri vyake vinapatikana Tabora. Atakayefaulu apewe ahadi ya maandishi kwamba Bohari ya Dawa itanunua idadi iliyotajwa mara kibali kitakapotoka. Na miongoni mwa majaji wawepo muuguzi wa zamu ya usiku na mama aliyewahi kuuguza mwanawe wodini. Hao watagundua upesi kama kitufe hakionekani gizani.