NANI ANASTAHIKI KUSIKILIZWA MIMBARINI?

  

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu ya Mbalizi imezuka desturi ya kumpima mzungumzaji kabla hajatamka Bismillahi. Akitambulishwa kuwa amehitimu Madina au Khartoum, vichwa vinainuka. Akiwa ni mwalimu wa sekondari, hunong'onwa kuwa huyo ni wa elimu ya dunia. Na akiwa ni mzee aliyesomea chuoni kwa ubao na wino, vijana hutazama saa.

Maswahaba hawakupima hivyo. Imam Bukhari amepokea habari za Amr bin Salama (r.a.), mtoto ambaye watu wake waliishi penye maji, mahali pa kupitia misafara. Wapita njia walisoma Qur'ani, naye akahifadhi. Watu wake waliposilimu wakaambiwa awasalishe aliyehifadhi zaidi, wakatazamana, wakamtanguliza yeye, naye ana umri wa miaka sita au saba. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma tuna haki ya kukipenda kisa hiki.

Hata hivyo, asidhani mtu kuwa maulamaa walimpokea kila msemaji. Imam Malik aliwakuta Madina wazee wengi wachamungu, wa kuaminiwa kwa mali, lakini hakupokea Hadithi kwao kwa kuwa hawakuwa watu wa fani hiyo. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: waliulizia fani.

Tuchukue mirathi, maana huku kwetu ndiko watu wanakoumia. Mume amefariki, ameacha mke, watoto na shamba. Ukoo unataka shamba lirudi kwa baba wadogo. Anasimama mzungumzaji, anachanganya Kiarabu kingi, anasema mwanamke hana fungu katika ardhi. Nani atampinga, na amesoma Uarabuni? Lakini aya ya 12 ya Suratun-Nisaa imempa mjane mwenye watoto thumni ya kilichoachwa, baada ya wasia na deni, wala haikutoa ardhi. Shamba likiwa na thamani ya shilingi 8,000,000, milioni moja ni yake. Huenda mwalimu wa hesabu aliyekaa safu ya tatu analijua hilo vizuri, ila amenyamaza kwa kuwa hana kanzu ya kuaminika.

Mwandishi wa tahariri hii amesoma kwa Kiarabu na anaipenda lugha hiyo. Lakini Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kina kitivo cha Sharia, cha Hadithi, cha Lugha, na siku hizi hata cha uhandisi. Kusema "amesoma Madina" bila kusema amesoma nini ni kusema nusu.

Na wako waliotufaa bila shahada hizo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912–1982) alikuwa mwalimu wa shule za serikali Zanzibar, na dini aliisomea papo hapo kwa masheikh wa Unguja. Tafsiri yake iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969 ndiyo tunayoifungua sote. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini aliacha shule mapema kwa ufukara, akauza dukani, na mwaka 1986 akatunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal. Fani yake ilikuwa mjadala na Wakristo. Haikuwa fatwa za talaka, na mwenye kumuuliza talaka alikosea mlango.

Basi tunapendekeza kwa kamati za misikiti: mgeni anapotambulishwa, isemwe amesoma fani gani na kwa nani. Na baada ya darsa zitolewe dakika kumi za maswali, dalili iombwe kwa adabu, naye mwalimu wa safu ya tatu aruhusiwe kunyoosha mkono.